Shangazi, moyo unanienda mbio na daktari anasema siumwi

Maswali ya wiki hii karibu yote yanahusu wasiwasi, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Mengine nimeyafupisha, majina nimeyatoa.

Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu nakaa Mbagala, nauza mitumba. Tangu Ramadhani iishe moyo wangu unakimbia bila sababu, nimekaa tu kwenye meza yangu ya biashara mara kifua kinabana, mikono inakufa ganzi, jasho, naona kabisa leo ndo nakufa naacha watoto. Nimekimbizwa hospitali usiku na bodaboda, nimepimwa presha, sukari, na moyo kwa zile waya za kifuani, kila kitu kiko sawa. Daktari akasema ni mawazo, punguza mawazo. Sasa shangazi mawazo yanapunguzwaje? Nina mkopo wa kikundi rejesho kila Jumatano, na mwingine nilichukua kwenye simu nikalipia ada, simu ikilia tu naruka. Na sio mimi peke yangu, jirani yangu hivyohivyo, mdogo wangu wa Tabata hivyohivyo. Kwanini siku hizi kila mtu yuko hivi, au tumerogwa?

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hilo la mikono kufa ganzi ndo limenionyesha vizuri kinachokupata, ngoja nikueleze taratibu maana mtu akijua mwili wake unafanya nini woga unapungua.

Ukishtuka, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga kemikali inayoitwa adrenali kwenye damu. Moyo unakimbia ili misuli ya miguu na mikono ipate damu ya kutosha, pumzi inakuwa ya harakaharaka, tumbo linasimamishiwa kazi ndo maana wengine wanasikia kichefuchefu au wanaharisha kabisa. Mtaalamu mmoja wa Harvard kule Marekani, Walter Cannon, aliieleza hali hii mwaka 1915, kwamba mwili unajiandaa ama kupigana ama kukimbia. Sasa ukikutana na nyoka njiani hii kitu inakuokoa, unatimua mbio, unafika nyumbani unahema, baada ya muda imeisha. Lakini wewe uko mezani kwako hukimbii popote, ile pumzi ya haraka inatoa hewa ya kaboni nyingi kuliko mwili unavyotaka, na hewa hiyo ikipungua kwenye damu ndo vidole na midomo vinakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Unasema nakufa. Ukishasema nakufa adrenali inaongezeka, dalili zinaongezeka, na wewe unazidi kuamini kwamba unakufa. Hilo linaitwa shambulio la hofu, mara nyingi linafika kilele ndani ya dakika 10 hivi alafu linashuka lenyewe, hata usipofanya chochote.

Likija tena kaa chini, legeza mabega, vuta pumzi kwa pua ukihesabu taratibu mpaka 4, itoe kwa mdomo ukihesabu mpaka 6, yaani kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, endelea hivyo dakika kadhaa. Na kama unaweza usiondoke hapo ulipo. Najua hilo ni gumu, lakini ukikimbia meza yako leo, kesho mwili utaiogopa meza, keshokutwa utaiogopa njia ya kwenda sokoni, nimewaona wamama wanaishia kufungiwa ndani na hofu kwa mtindo huo. Ulifanya vizuri kupima moyo kwanza, na mwingine anayesoma hapa asijipachike wasiwasi kabla hajapimwa, maana upungufu wa damu na ile tezi ya shingoni ikizidisha kazi vyote vinakimbiza moyo vilevile. Na kifua kikiuma maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, hapo ni hospitali saa hiyohiyo, habari za kuhesabu pumzi waachie wengine.

Sasa hili la kila mtu. Hujarogwa mwanangu, na jirani yako hajarogwa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa wa wasiwasi, kati yao milioni 58 ni watoto na vijana wadogo, alafu mwaka wa kwanza wa korona wasiwasi na sonona vikapanda kwa asilimia 25. Kwa hiyo Mbagala na Tabata mko na wenzenu wengi sana.

Mimi nikiulizwa kwanini, baada ya miaka mingi ya kukaa na watu wa namna yako kliniki, jibu langu ni moja: shida yenyewe mtu anaweza kuibeba, kinachomla ni kusubiri shida ambayo hajui itakuja lini. Na hili limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwaweka watu mbele ya kompyuta wabahatishe chini ya jiwe kuna nyoka au hakuna, nyoka akitokea mtu anapigwa shoti ya umeme mkononi, inauma kweli. Wakapima jasho na mboni za macho. Ungetegemea anayejua kwa uhakika kwamba anapigwa ndo ahangaike zaidi, lakini wapi, waliohangaika kuliko wote ni wale ambao nafasi ya kupigwa ilikuwa nusu kwa nusu. Aliyejua inakuja alitulia kuliko aliyekuwa hajui.

Haya, rudi kwenye maisha yako. Rejesho la Jumatano unalijua, ni zito ila lina siku yake. Huo wa simu je? Hujui watapiga saa ngapi, hujui leo watamtumia meseji nani kwenye namba zako, shemeji au mwalimu wa mtoto, hujui riba imefika wapi. Simu hiyohiyo ndo wateja wanakupigia, ndo unapokea hela, ndo grupu la kikoba lipo humo, huwezi kuizima. Kwahiyo mwili wako uko kwenye ile nusu kwa nusu tangu alfajiri mpaka unalala, na usiku simu imewekwa chini ya mto. Akina mama wanaiita mikopo kausha damu na mimi naona wamesema ukweli mtupu. Huwezi kumwambia mtu wa hivyo punguza mawazo ukamwacha aende, sio haki.

Cha kufanya. Chukua daftari la mwanao, andika kila deni, unadaiwa na nani, kiasi gani kimebaki, siku gani. Utaogopa kuandika, andika hivyohivyo, maana kiasi kilichoandikwa mara nyingi ni kidogo kuliko kile kinachozunguka kichwani saa nane usiku. Usichukue mkopo mwingine kulipa huo. Alafu angalia huyo wa kwenye simu kama ana leseni, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya apu 69 zinazokopesha bila leseni ikawatahadharisha wananchi, na kama wanatangaza deni lako kwa ndugu zako hilo ni jambo la kulalamikia kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake ipo tangu 2022. Sio kwamba usilipe ulichokopa, lipa, ila hakuna aliyempa mtu ruhusa ya kukudhalilisha.

Na nenda kaongee na mtu. Zimbabwe, daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 pale Mbare, Harare, madaktari wa akili nchi nzima walikuwa wa kuhesabu, akawafundisha bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi hakupi dawa, anakusikiliza, anakuuliza katika haya yote tuanze na lipi, mnachagua moja, mnatafuta hatua moja ya kufanya wiki hii, wiki ijayo unarudi kusema imekuwaje. Ukadhani ni kitu kidogo, lakini mwaka 2016 utafiti wao ulitoka kwenye jarida kubwa la madaktari wa Marekani na waliokaa na wale bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mbagala huna benchi hilo, ila una mama yako mdogo, una mwenyekiti wa kikundi chenu. Mwambie mwenyekiti mapema Jumatatu kwamba Jumatano hutafikisha, usisubiri Jumatano yenyewe wakukute unajificha. Na ukiona mashambulizi yanaendelea mwezi ujao, omba rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili, Muhimbili ipo na hospitali za rufaa za mikoa wanatoa huduma hiyo, unaingia na miguu yako unatoka na miguu yako, hakuna anayekufungia.

Mwanangu salaam. Mimi ni mstaafu, niko Tanga. Nasoma safu yako kila toleo na naona vijana wamezidi kulalamika stresi. Sisi tulikuwa na njaa, tulikuwa na ndui, tulitembea maili kwenda shule na hatukuwa na haya mawasiwasi. Je hii sio upungufu wa imani na kudekezwa?

Shikamoo baba. Nashukuru kwa kuandika bila kuficha, maana wengi wanafikiri hivyo ila hawasemi.

Ndui ilikuwa kitisho cha kweli, na mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana hapo jirani tu, Merca, Somalia, mwaka 1977. Vijana wa leo hata kovu lake hawajaliona. Kwahiyo ni kweli baba, vitisho vikubwa mlivipitia nyinyi. Ila naomba nikuongezee mambo mawili. La kwanza, wasiwasi ulikuwepo. Ulikuwepo kwa jina la moyo kwenda mbio, la tumbo lisilopona, la mashetani, mtu anapigiwa ngoma au anasomewa, akipata nafuu maisha yanaendelea, hakuna aliyekuwa anamhesabu. Hata Ulaya na Marekani madaktari walianza kutenganisha magonjwa haya juzijuzi tu. Na malalamiko kwamba zama hizi zimezidi ni ya kale, kulikuwa na daktari New York, George Beard, mwaka 1881 alikuwa analaumu telegrafu, magazeti na mashine za mvuke kwamba zinawachosha watu mishipa ya fahamu, akasema zamani mfanyabiashara alingoja bei mpaka meli ifike, sasa telegrafu inamletea bei mpya kila saa. Kasome hilo alafu mtazame kijana na simu yake.

La pili ndo zito kwangu. Njaa ya kijiji ilikuwa ya kijiji. Wote mnajua mvua imekosa, wote mnakula mihogo mikavu, hakuna wa kumficha mwenzie. Msiba ukitokea mnakaa matanga, watu wanalala hapo, mfiwa hapiki wala haachwi peke yake. Kijana wa leo hela ikimkatikia kwenye chumba alichopanga Dar hakuna anayejua, mji wenyewe sensa ya 2022 imekuta watu 5,383,728 na anaweza kupita wiki nzima hajaulizwa umekula. Anazika mama yake Ijumaa, Jumatatu yuko kazini. Akirudi kijijini anatakiwa aonekane kafanikiwa. Sasa baba, yeye anasubiri baya kama mlivyosubiri nyinyi, tofauti ni kwamba analisubiri peke yake na kwa siri, na hilo linavunja mtu mwenye imani na asiye na imani.

Kuhusu sala siwezi kumwambia mtu aache, nimewaona wanaopata utulivu wa kweli, na msikiti au kanisa ni mahali ambapo mtu anaonekana akikosekana, hiyo peke yake ni tiba. Ninachokataa ni kijana kuambiwa imani yake ndogo wakati hajalala siku nyingi. Ukimwona wa kwako yuko hivyo mwite mkae barazani, mwulize analala vipi, alafu umwache aongee mpaka amalize.

Shangazi mambo, mi nimemaliza chuo 2023 nipo Mwanza kwa kaka yangu. Naamka tu nashika simu kuangalia kama nimeitwa usaili, hakuna, naingia Instagram naona wenzangu wana magari, wengine wameoa, nabaki nimelala mpaka saa nne. Usiku silali, nakunywa enaji mchana ili nisisinzie. Mtu nikimtumia meseji akasoma asijibu nakaa siku nzima nawaza nimemkosea nini. Nina tatizo gani?

Salama mdogo wangu. Tatizo la kwanza ni kwamba ajira hakuna za kutosha, na hilo sio ugonjwa wako, siwezi kukwambia fikiria mazuri alafu nikaondoka. Umetuma maombi, umesubiri, hujaambiwa ndio wala hapana. Kumjibu mtu hapana kungekuwa ni heshima kuliko huko kunyamaziwa, na waajiri wanaosoma hapa naomba walisikie hilo.

Alafu simu inachukua kule kusubiri inakuzidishia. Kulikuwa na mtaalamu Marekani anaitwa B.F. Skinner, alifanya majaribio na panya na njiwa, akaona mnyama anayepewa chakula kwa bahatibahati, mara kipo mara hakipo, anabonyeza kile kitufe bila kuchoka kuliko anayepewa kwa utaratibu. Ndo wewe na kuvuta ukurasa kwa kidole kuangalia kama kuna kipya. Na zile tiki za bluu za WhatsApp zimeletwa Novemba 2014, kabla ya hapo mtu asipokujibu ulikuwa unasema hajaiona, basi, unaendelea kufua nguo zako. Sasa unajua kaiona, saa nane na dakika kumi na mbili, na hujui kwanini hajajibu, hapo ndo akili inajaza jibu yenyewe na siku zote inajaza baya. Zizime. Ingia kwenye mipangilio ya faragha uzime, wewe hutaona za wenzako na wao hawataona za kwako, dunia haitaisha.

Mambo ya usaili yaangalie kwa saa maalum, mfano saa sita mchana, mara moja, matangazo hayabadiliki kila dakika tano. Simu ilale sebuleni, tafuta saa ya mezani ya kukuamshia. Enaji acha kabisa kwa sasa, kafeini inakimbiza moyo na mikono inatetemeka, mwili unafanana kabisa na mwili wenye hofu, na ukinywa saa kumi jioni nusu yake bado iko kwenye damu kama saa tatu usiku, ndo maana hupati usingizi. Na asubuhi kabla ya simu toka nje utembee mpaka jasho litoke, ile adrenali inataka misuli ifanye kazi. Msaidie kaka yako kitu chenye mwanzo na mwisho, hata kama ni kusimamia fremu mpaka jioni mhesabu mauzo, maana wewe kwa mwaka mzima kila ulichofanya hakijaisha, kinasubiri jibu la mtu mwingine.

Hayo ya Instagram sina mengi, mtu hapigi picha gari siku anayoshindwa kulijaza mafuta. Nyamazisha wale wanaokuumiza, hawataambiwa.

Ila kama kuna siku umewaza bora usingekuwepo, hilo usilibebe mwenyewe, mwambie kaka yako leo na muende Bugando au hospitali yoyote iliyo karibu. Unisamehe kukuuliza hivyo, mimi huwa nauliza kila mtu.

Shangazi, nipo Likoni, Mombasa, nafanya kazi ya usiku. Rafiki yangu alinipa vidonge vya diazepam kwa sababu ya wasiwasi na usingizi, vilinisaidia sana, sasa navinunua kemisti miezi inaenda na kimoja hakinifanyi kitu, nameza viwili au vitatu. Niache?

Usiache ghafla mwanangu, hilo ndo la kwanza kabisa. Dawa za kundi hilo zinatuliza ubongo haraka, ndo maana umezipenda, lakini zinapewa mtu kwa muda mfupi, kawaida wiki mbili mpaka nne, baada ya hapo mwili unazoea na unataka zaidi kama ulivyoona mwenyewe. Ukikata siku moja wasiwasi unarudi mkubwa kuliko wa mwanzo, na wengine wanapata degedege hata kama hawajawahi kuwa na kifafa.

Nenda kwa daktari, mwambie ukweli wote, miezi mingapi na vidonge vingapi, usipunguze hesabu kwa aibu, maana yeye atapanga kukushusha kidogokidogo kwa hesabu hiyohiyo. Kuna dawa nyingine za wasiwasi ambazo hazina tabia hiyo, ila hizo zinachukua wiki kadhaa ndo uone kazi yake, watu wengi wanaziacha siku ya tano wakisema hazifai, wewe uvumilie. Mwulize pia kuhusu ushauri nasaha. Na mpaka hapo utakapoonana naye usizichanganye na pombe hata kidogo, wala muguka, na usiku wa kazi usipande ngazi wala kushika mashine ukiwa umemeza.